Uyoga Wetu Wenye Manukato

Wallahi, nilitaka sifa tu. Bado ni mgeni kazini, kwenye hifadhi ya mimea mikavu huku Kisauni, na siku hiyo tulimngoja Daktari Mutua, mtaalamu wa uyoga kutoka bara. Makabati yalinuka uvundo. Basi nikafanya kama mama afanyavyo nyumbani wageni wakija: nikawasha chetezo, nikafungua bahasha za mimea na uyoga, nikazifukiza udi kama afukizwavyo bi harusi. Kisha nikafungua madirisha moshi utoke.

Daktari akaanza na uyoga mdogo wenye umbo la kikombe. Akaunusa. Akaunusa tena, macho yakamtoka.

"Dada, huu unanukia! Kumbukumbu zote zinasema hauna harufu. Huenda ni aina mpya!"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Badala yake nikamvutia kiti aandike vizuri. Akaandika, akafurahi, akaomba mkuu wetu aitwe ashuhudie.

Mkuu wetu ni Bi Salama, mzaliwa wa Likoni. Aliipokea bahasha, akainusa, kisha akanigeukia mimi.

"Mwanaisha!"

"Abee."

"Uyoga huu unaolewa lini?"