Mkanda Ulioko Gasorwe

Mjukuu wangu alipokwenda Ulaya kusomea masteri, majirani hapa Gitega waliniuliza, "Mtu mzima yule bado iko shule? Kichwa yake iko sawa?" Nikawaambia kichwa chake kinawazidi nyinyi nyote pamoja na waume zenu. Masomo yake yalikuwa ya utafiti: jinsi watu wanavyobuni mambo, wanavyojipangia kazi na kushikamana. Mimi niliyeishia darasa la pili nilielewa mara moja, maana alichagua kutuandika sisi.

Sisi tulikuwa wanawake wanne na mashini moja ya kushonea, barazani kwangu. Tulishona sare za watoto wa shule za Mushasha. Vita vilipokuja na watu wakawa wanaporwa mchana kweupe, tukabuni jambo: jioni kila mtu aondoke na kipande. Mmoja sindano, mmoja bobini ya uzi wa chini, mmoja mkanda unaozungusha gurudumu. Chuma chenyewe kikabaki kwangu. Mwizi aibe nini? Lakini asubuhi asipokuja mmoja, hakuna anayeshona. Basi tulikuja, hata siku za risasi.

Barua yake ikafika: mwalimu amekubali atuandike, ila anataka habari za kazi yetu kila wiki. Bila hizo hakuna masteri.

Niliisoma nimekaa peke yangu mbele ya mashini. Mwenye mkanda alikuwa ameshakimbilia kwao Gasorwe, kule Muyinga, akaondoka nao. Wale wawili walikuja siku chache, tukatazamana. Mmoja akahamia Makebuko, mwingine akaacha tu kuja. Sikumlaumu. Aje kufanya nini?

Nikapanda lori, tukaenda kwa msururu wa magari, askari mbele, mpaka Muyinga. Kutoka hapo nikatembea hadi Gasorwe. Nilimkuta shambani anapalilia maharage. Mkanda wetu alikuwa ameufunga kiunoni, umeshika kitenge.

"Dada, umekonda kama mpini!"

"Na we umenenepa kwa maharage ya watu. Nipe mkanda."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akashika kiuno kwa mikono miwili.

"Mi sikupi."

"Mtoto atafukuzwa shule kwa ajili ya kiuno chako!"

"Nikikupa, mi nitarudi Gitega kama nani? Mutashona. Mutazoea mi sipo. Hii ndiyo inasema kule iko nafasi yangu."

Nilitaka kumpiga. Nikakaa kwake siku mbili, tukapalilia pamoja, wala hatukuutaja tena. Siku ya tatu nikaondoka mikono mitupu.

Ningeweza kudanganya. Nani angejua huko Ulaya? Nilianza hata kuandika: "Wiki hii tumeshona vizuri." Nikainua macho, nikaona viti vitatu vitupu, nikaichana karatasi. Nikaandika ukweli kwa herufi zangu zinazolala kama mahindi baada ya mvua: hatufanyi kazi, mkanda uko Gasorwe, nisamehe, nimekuharibia.

Siku zile nilikuwa nafagia baraza ambayo hakuna aliyeikanyaga. Nilipaka mashini mafuta kila Ijumaa. Wakati mwingine niliisemesha, na simwonei mtu haya.

Jibu lilifika mvua zimekwisha. "Bibi, mwalimu anauliza: kwa nini hukununua mkanda mwingine?"

Mwalimu mzima! Nikamwandikia: "Mwambie mikanda imejaa sokoni, naipita kila siku. Nikinunua mwingine nitakuwa nimemzika mwenzangu, naye bado analima."

Kumbe jibu hilo ndilo mwalimu alilokuwa analitafuta bila kujua. Mjukuu wangu aliandika kitabu kizima juu yake, Kifaransa kitupu, akafaulu. Kitabu kiko kabatini kwangu. Siwezi kukisoma, lakini nakipangusa vumbi.

Aliporudi kunisalimu, bado vita havijaisha, alikanyaga pedali ya mashini. Ikapanda, ikashuka. Gurudumu la juu halikusogea.

"Mpaka leo, bibi?"

"Mpaka leo."

Akavuta kiti kilichokuwa karibu, akaketi.

"Inuka," nikamwambia. "Hicho kina mwenyewe."

Akainuka, akaenda kukaa chini kwenye mkeka. Hakuuliza kwa nini. Hapo nikajua masteri aliipata kweli.