Iliki za Mlimani

Mjukuu wangu anatwanga iliki hapa jikoni, Kikwajuni, na harufu yake inanirudisha kijijini kwetu, milimani huko bara, ambako mama alikuwa akizikausha juu ya moto. Kule watu waliitana kutoka kilima hiki hadi kile, na ukiitwa lazima uitike mpaka usikike.

Shangazi alipokuja kunichukua nikalelewe Unguja, sikuulizwa. Tulikuwa tunateremka mama aliponiita kutoka shambani. Nikaitika kwa nguvu zangu zote, lakini ukungu ulikuwa mzito, hakunisikia, akazidi kuita.

"Twende, meli haitungoji," shangazi akasema.

Tukaenda, mama bado anaita.

"Bibi," mjukuu ananiita.

"Naam!"

"Mbona wapiga kelele? Mie nipo hapa hapa."

"Twanga wewe," namwambia.