Mstari Kwenye Macho ya Mumewe

Kazi ya shangazi yangu ni kuchunguza picha za nyota. Huchora mstari juu ya picha, na kompyuta humpa grafu: penye mwanga inapanda, penye giza inashuka. Hata nukta moja haimpiti. Ulimi wake nao ni pilipili: kila mumewe alipojikwaa nyumbani, alimfokea, "Fungua macho, mwanamume wewe!"

Juzi mumewe alianguka ngazini, akafa. Tulimwomba shangazi aandae picha ya marehemu ya kuweka msibani. Kwa mazoea tu, akachora mstari kupitia macho yote mawili. Penye mboni nyeusi ya jicho la kulia, grafu ilishuka. Penye la kushoto ikapanda: weupe wa mtoto wa jicho.

Picha hiyo aliipiga mwenyewe, miaka minne iliyopita.