Mifuko ya Hewa ya Mzee Abdurahim

Miaka kumi na tisa Mideva alikuwa fundi wa springi, na hakuna gari lililowahi kumchosha kama la Mzee Abdurahim. Si gari lenyewe, maana gari halina maneno. Ni mwenyewe.

Lilikuwa basi dogo kuukuu ambalo mkewe, Bi Waridi, alilinunua akang'oa viti, akatia kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na kabati la vyombo. Sababu ilikuwa mgongo wa mzee. Aliendesha malori miaka thelathini na miwili, nayo yakamsaga pingili za uti wa mgongo, sasa hawezi kukaa kitini zaidi ya saa moja. Dada yake alikuwa Malindi, mkongwe, na hawakuwa wameonana kwa miaka minne. Bi Waridi akaamua: mume atasafiri amelala, yeye ataendesha. Aliwahi kusambaza mikate mtaa mzima wa Donholm kwa gari, kwa hiyo usukani haukumtisha. Kilichomtisha ni barabara.

"Nataka apite juu ya tuta asijue kama ni tuta," alimwambia Mideva kwenye gereji yake kando ya barabara ya Outer Ring.

Mideva akamweleza kwamba atafunga mifuko miwili ya mpira mnene kati ya ekseli ya nyuma, chuma kinachoshika magurudumu, na fremu, isaidiane na springi za chuma. Mifuko ikitiwa hewa hubeba sehemu ya uzito, na mtikisiko hupungua. Kazi ya siku mbili tu.

Ilichukua siku tisa.

Mzee alikuja kila asubuhi. Akichoka kusimama, alipanda akalala kitandani humo humo garini, na Mideva, akiwa chali chini ya ekseli, akawa anasemeshwa kupitia sakafu.

"Binti yangu, gari hubebwa na chuma. Hewa hubeba puto."

"Mzee, malori mengi siku hizi yanabebwa na hewa."

"Ndiyo maana yanaanguka."

Siku ya tatu Mideva alipima kimo cha gari, akaenda soko la Gikomba kuchongewa vyuma vya kushikia mifuko. Aliporudi kesho yake, kimo kilikuwa kimeshuka inchi moja na nusu. Mzee alikuwa amewatuma vijana wa gereji wapakie jeki ya lori, tairi mbili za akiba, sanduku la spana na mitungi ya maji, vyote upande wa kushoto.

"Safari ni safari," alisema.

Vikashushwa. Mideva akapima upya. Siku iliyofuata sanduku la spana lilikuwa limerudi, limefichwa chini ya kitanda. Mideva alilibeba mwenyewe, akaliweka nje ya geti, akakaa juu yake mpaka hasira iliposhuka.

Siku ya nane kazi ikaisha. Alipaka povu la sabuni kwenye viungo vya mipira ya kupitishia hewa, hakuna kilichovuja. Akaacha presha ya hewa pauni arobaini kila mfuko.

Kesho yake asubuhi wakaenda kulijaribu kwenye mashimo ya mtaa wa Kware, Bi Waridi usukanini, Mideva kando yake, mzee kitandani. Shimo la kwanza, vikombe viliruka kutoka kabatini. La pili, mzee akaguna, na mguno ule haukuwa wa mzaha. Bi Waridi akasimamisha gari.

"Nilisema," sauti ya mzee ikatoka nyuma, imekauka.

Mideva akashuka, akatia geji ya kupimia hewa. Pauni tisini. Mfuko wa pili, tisini vilevile.

"Nani amegusa hewa yangu?"

Bi Waridi akageuka kumtazama mumewe. Mumewe akatazama dari.

"Jana, fundi alipokwenda kula," alisema hatimaye. "Nilitumia pampu ya mguu. Tairi laini huchosha gari."

"Hii si tairi," Mideva akasema. "Umeifanya jiwe. Siku tisa nalala kwenye oili kwa ajili ya mgongo wako, nawe unauvunja mwenyewe. Unataka nini, mzee?"

Mzee akajigeuza kitandani, akaelekea ukutani.

"Nimebeba saruji," alisema. "Nimebeba mahindi. Mara moja nilibeba mizinga arobaini ya nyuki mpaka Kitui. Sijawahi kuwa mzigo mimi."

"Hukuniambia hivyo," Bi Waridi akasema.

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Kisha tungezungumza."

Mideva akarudi chini ya gari na geji yake. Alipunguza hewa hadi arobaini, akawaambia warudie njia ile ile. Vikombe vikagongana kidogo tu.

"Mbona hatujafika lile shimo?" mzee akauliza.

"Tumelipita, Abdurahim."

Mchana ule Mideva aliurefusha mpira wa hewa mpaka ndani, akafunga geji ukutani kando ya kitanda.

"Dereva haoni nyuma," alimwambia mzee. "Hewa ikishuka chini ya thelathini na tano, wewe ndiye utakayemwamuru asimame."

"Na pampu?"

"Pampu atakaa nayo Bi Waridi."

Mzee akasema geji iko chini mno. Mideva akaipandisha. Akasema sasa iko juu mno. Mideva akaiacha hapo hapo.

Waliondoka Alhamisi alfajiri. Simu ya kwanza ya mzee ilitoka Athi River: thelathini na tisa. Ya pili Emali: thelathini na tisa. Ya tatu ilimkuta Mideva chini ya pikapu ya mtu, mikono yote miwili imeshika bolti.

"Voi hapa. Arobaini na moja, jua limekuwa kali. Nimemwamuru Waridi apunguze mwendo."

"Joto hupandisha hewa, mzee, usijali. Mgongo je?"

"Mgongo? Sijaukumbuka tangu Emali."

"Vizuri. Sasa usinipigie tena mpaka Malindi."

Mzee akampigia tena kutoka Mariakani, Malindi bado mbali.