Kilatini cha Shamba la Pamba

Mtu aliyejua yote yale aliwezaje kushindwa mtihani wa Kilatini?

Kaka yangu, mtoto pekee wa kiume nyumbani kwetu Kishapu, alisoma seminari ndogo. Likizo ile alirudi na onyo: asipojua vihusishi, hatapandishwa darasa. Kila kihusishi cha Kilatini hulilazimisha jina linalokifuata kubadili mwisho wake. Vingine hudai mwisho uitwao akuzativi, vingine ule wa ablativi. Tulivigawa kama tulivyogawa pamba. Ulikuwa msimu wa kuchuma, na kila mchumaji alikuwa na vikapu viwili, kimoja cha pamba safi, kingine cha fifi, ile yenye madoa. Akuzativi tukaiita safi, ablativi fifi.

“Ad,” nilitaja.

“Safi.”

“Cum.”

“Fifi.”

“In?”

“Kotekote. Unapoingia, safi. Ukishakuwa ndani, fifi.”

“Nani kaamua?”

“Warumi.”

“Nao walichuma pamba?”

“Mdogo wangu, wewe mbinguni hutaingia. Utabaki mlangoni unauliza fundi wa mlango ni nani.”

Mama alipochungulia vikapu vyetu alishika kichwa. Kaka alikuwa akitupa pamba kwa kufuata kihusishi, si madoa.

“Mnunuzi akiona hii, yote ataiita fifi! Hao Warumi watatulisha?”

Tukaanza kuchambua upya. Tulicheka sisi watatu. Baba alikuwa mstari wa pili, akaendelea kuchuma.

Likizo ikaisha, kaka akarudi seminari. Kabla mvua hazijaanza, alikuja nyumbani na sanduku lake. “Kashindwa Kilatini,” Baba aliwatangazia majirani. Kaka alitazama chini. Nilimpima vihusishi nyuma ya zizi, hakukosa hata kimoja.

“Sasa ulishindwaje?”

“Acha, mdogo wangu.”

Baba alimtafutia mchumba. Kaka hakuoa. Alikwenda Nyarugusu kuchimba dhahabu, na masika moja shimo likamfukia. Wenzake walichimba, hawakumfikia.

Mimi nikafika chuo kikuu, nikaacha kanisa. Mapadre niliwachukia kwa miaka mingi, na kila mtihani niliufanya kwa hasira.

Kwenye matanga ya Baba, Mama aliniambia, bila mimi kumuuliza. Baba alipanda baiskeli hadi seminari, akamwambia gombera, mkuu wa seminari, kwamba mwana wa pekee hawezi kuwa padre, ukoo utakatika. Habari ya kushindwa aliitunga njiani, akamwamuru kaka anyamaze. Kwenye mtihani ule wa Kilatini kaka alikuwa wa kwanza.