Kaniki ya Bibi Ilivyonivuka Hadharani

Haya, cheka kwanza umalize, maana najua umeshaisikia, mtaa wetu wote wa Miyuji wameisikia, hata mama muuza mboga pale kwetu siku hizi ananiuliza kama leo nimetaga. Aibu nimeshaipata, hairudi ilikotoka, kwa hiyo bora niisimulie kwa mdomo wangu mwenyewe kabla watu hawajaitia chumvi zaidi.

Mimi nashona sanamu za nguo (ndiyo, ni kazi, usiniangalie hivyo). Nachukua mitumba na matambara, nafunga kwenye fito, najaza, nashona mpaka inakuwa mtu, halafu naingia ndani yake na kuigiza mbele za watu mambo ya wazee wetu. Nilipoalikwa kwenye maonyesho ya sanaa hapa mjini nikasema safari hii namtengeneza Bibi, mama yake mama, mkubwa kuliko mlango, ameketi kwenye kigoda chake, halafu katikati ya onyesho anainuka.

Bibi ndiye aliyenilea, kule Hombolo, kwenye tembe la udongo lenye giza na ubaridi mzuri mchana wa jua kali. Nimelala mgongoni kwake akitwanga uwele, nimelala mgongoni kwake akipiga ngoma ya akina mama, ile inayobanwa mapajani, na ngoma ikinguruma ilikuwa inapita mgongoni mwake inaingia kifuani kwangu, mpaka leo nikiisikia nasinzia na kulia kwa wakati mmoja. Na siku zote alikuwa na kaniki yake, ile nguo nyeusi, imefungwa begani. Baada ya matanga nguo zake ziligawanywa, kaniki ikaenda kwa Mama Mkubwa, dada yake mama, kwa kuwa ndiye mzaliwa wa kwanza, na Mama Mkubwa hakuifua hata siku moja. Aliifungia kwenye sanduku la bati, na ukilifungua lile sanduku Bibi anatoka mzima mzima: moshi wa kuni, samli, ugoro. Mama Mkubwa akizidiwa na dunia huenda chumbani, analifungua, ananusa, analifunga, anarudi jikoni.

Sasa mimi na kiherehere changu nikaona sanamu ya Bibi bila kaniki ya Bibi si Bibi. Nikaenda kuomba, akakataa. Nikamtuma mama, akakataa. Nikarudi nikapiga magoti, akaitoa ameikumbatia, akaniambia, "Nakuazima mama yangu. Usimtoboe na sindano, usimfue, umrudishe alivyo."

Hapo ndipo mkosi ulipoanzia, maana nguo isiyoguswa na sindano utaishikizaje kwenye sanamu? Pini nayo inatoboa. Nikawaza, nikawaza, nikachukua vibanio vya kuanikia nguo (akili nyingi huondoa maarifa, na mimi zangu zilikuwa nyingi siku hiyo). Nikajaribu nyumbani, nikatembea polepole sebuleni, kaniki ikatulia, nikajipongeza.

Siku yenyewe ukumbi uko wazi, upepo wetu wa Dodoma mnaujua, Mama Mkubwa na mama wamekaa mbele karibu na mgeni rasmi. Mpango ulikuwa Bibi ainuke, atembee taratibu, asalimie, aketi, basi. Nikainuka. Akina mama niliowaomba wanipigie ngoma walipomwona Bibi anasimama walipandwa na mori, wakaacha mdundo wa polepole tuliokubaliana wakaingia ule wa kasi, na Mgogo kama mimi umpigie ngoma ile kisha umwambie asimame kama nguzo utakuwa unamwonea tu. Nikatikisa mabega. Nasikia pa! pa! nikadhani ni makofi, kumbe ni vibanio vinaruka, kimoja kikamwangukia mgeni rasmi mapajani. Watu wakapiga kelele, mimi huko ndani naona kwa kitundu kidogo tu, nikasema leo wamenielewa, nikaongeza. Wahenga wanasema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi sikuchutama, nilizidisha mabega. Upepo ukabeba kichwa cha sanamu, kaniki ikavuka, fito zikafuata, nami nikashangaa mbona ndani ya Bibi kumepoa ghafla.

Nilikuwa nimevaa nini chini? Taiti ya zamani, na mfuko wa salfeti niliyoikata nikaivaa kama fulana na kuijaza sponji nipate umbo la Bibi, imeandikwa mgongoni kwa herufi kubwa CHAKULA CHA KUKU WA MAYAI. Ngoma zikanyamaza. Usoni nimejipaka udongo mwekundu, jasho linatiririka, nikatamani ardhi inimeze.

Mama Mkubwa akainuka. Akaiokota kaniki pale chini, akaikung'uta vumbi taratibu, akaja nayo mpaka nilipo, na watu wakidhani ndiyo onyesho lenyewe. Nilipoona anaikunjua nikarudi nyuma.

"Mama Mkubwa, nina jasho, nina udongo, utaiharibu."

"Njoo hapa. Mama angekuona hivi, angeulizia harufu ya nguo kwanza?"

Akanifunga begani, kama alivyofunga Bibi, na ikanijia ile harufu kwa mara moja tu, moshi na samli na ugoro, nikalia mbele ya mgeni rasmi na kila mtu kama mtoto aliyeachwa sokoni. Walipiga makofi mpaka basi. Mtaalamu mmoja wa sanaa akanishika mkono akaniambia ile sehemu ya chakula cha kuku imemgusa sana, imesema mengi kuhusu mwanamke na uzazi. Nikamwambia asante.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Hombolo kuirudisha. Mama Mkubwa alikuwa ameshatoa beseni nje, hakunigombeza, heri angenigombeza. Kaniki ilikuwa imekakamaa kwa jasho na udongo. Akaipokea, akaninyooshea tena, nikaiweka puani, nikatafuta kwenye pindo, nikatafuta pale palipokuwa pakifungwa fundo.

"Yumo?" akaniuliza.

"Hayumo."

Akainusa na yeye, akakaa nayo muda mrefu amefumba macho, kisha akaitumbukiza majini na kunisukumia kipande cha sabuni. Tukafua wote wawili. Sanamu nitaendelea kushona, ndiyo kazi ninayoijua, lakini kwa nguo za mnadani tu. Nguo yenye mtu ndani yake siigusi tena, hata nipigiwe magoti.