Mtaala Mpya, Kipindi Kilekile

Jumanne nilikuwa steshenari moja hapa Korogwe nikisubiri kutoa kopi. Mbele yangu walisimama mchungaji aliyetoka Handeni na mwalimu mkuu wa shule moja ya Kilutheri. Mashine ilikuwa ikitoa kurasa za mtaala mpya wa somo la dini, na mchungaji alizipokea zingali za moto, akizigongesha mezani zilingane.

"Mwalimu, safari hii tumeuandika vizuri," alisema. "Kuna mambo ya simu, ulevi, kuishi na jirani Mwislamu. Mtaanza lini?"

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Mchungaji, kipindi cha dini bado anakitumia mwalimu wa Hesabu."

"Bado?"

"Wazazi wanataka ufaulu. Akiniomba, namnyimaje?"

Mchungaji akauliza taratibu, "Ule mtaala wa zamani mlifika wapi?"

"Uumbaji."

"Siku ya ngapi?"

Mwalimu akatazama dari. "Ya tatu."

Mchungaji alipanga kurasa zilizobaki, akaomba zipigwe pini.

Siku ya tatu, kwa aliyesahau, ni ya majani na miti; mtu huja siku ya sita. Mtaala mpya niliuchungulia begani kwake, na kweli ni mzuri. Ila kabla ya kuwafundisha watoto namna mtu anavyoishi na jirani yake, naomba Hesabu iwaachie walau wiki moja, huyo mtu aumbwe kwanza.